Mizani Janja Inapokosea Mafuta: Dalili, Sababu na Cha Kufanya

Jana asubuhi mizani ilisema mafuta ya mwili ni asilimia 27.4. Leo inasema 29.1, na katikati hapakupita harusi wala sinia la biriani. Lalamiko hili ndilo linalorudi mara nyingi zaidi kwa wenye mizani za kioo zinazounganishwa na simu, na mara nyingi mizani yenyewe ni nzima. Kilichobadilika ni nyayo, ni maji ya mwilini, au ni umri na urefu ulioandikwa kwenye programu kwa haraka siku ile ya kwanza.

Kwanza ieleweke kifaa hiki kinafanya nini. Mafuta hakiyapimi. Kinapima vitu viwili tu: uzito, na ukinzani wa mwili dhidi ya umeme mdogo. Umeme huo, kwa kawaida chini ya miliampea 1 na wa masafa ya kilohezi 50, hutoka kwenye vibati vya chuma, huingia unyayo mmoja, hupanda mguu, hukatiza nyonga na kushuka mguu wa pili. Misuli na damu zina maji na chumvi, kwa hiyo huupitisha. Mafuta huuzuia. Nambari ya ukinzani hutiwa kwenye fomyula pamoja na urefu, uzito, umri na jinsia. Fomyula hukisia maji yaliyomo mwilini, huchukulia kuwa sehemu isiyo mafuta ni maji kwa kiasi cha asilimia 73, na kinachobaki hukiita mafuta.

Kifua, mikono na sehemu kubwa ya tumbo umeme haufiki. Vinakisiwa. Ndiyo maana mtu mwenye miguu myembamba na kitambi kikubwa anaweza kupewa nambari ya kumfurahisha: mizani imeonja miguu, kisha ikatoa habari za tumbo.

Dalili ya 1: Mafuta yanapanda na kushuka kila siku

Fanya hesabu hii kabla ya kuhangaika. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kilokalori 7,700. Mtu wa kilo 80 akiambiwa amepanda pointi 2 kwa usiku mmoja, ameambiwa ameongeza kilo 1.6 za mafuta, yaani amekula zaidi ya kilokalori 12,000 juu ya mahitaji yake kati ya isha na alfajiri. Haiwezekani, hata kwa mahamri. Basi kilichosogea si mafuta. Tafuta sababu kwa mpangilio huu, kuanzia inayotokea sana.

Maji. Hii ndiyo inayoeleza malalamiko mengi. Ukilala chumba kisicho na feni mwezi wa Februari, upepo umekufa na shuka limelowa jasho, unaamka umepungukiwa maji. Ukinzani unapanda, na mizani inaongeza mafuta. Ukinywa maji ili kurekebisha kisha ukapima papo hapo, unazidisha kosa: nusu lita ni nusu kilo kwenye uzito, lakini bado imo tumboni, haijafika kwenye misuli ya miguu, umeme haujaiona. Mtu wa kilo 80 mwenye kilo 20 za mafuta husoma asilimia 25. Baada ya chupa ya nusu lita anaweza kusomeka kilo 80.5 na karibu kilo 20.5 za mafuta, ambayo ni asilimia 25.5. Maji matupu yamehesabiwa kuwa mafuta.

Saa. Kwa mwili uleule, asubuhi mizani husoma juu na jioni husoma chini. Anayepima leo alfajiri na kesho baada ya magharibi analinganisha watu wawili.

Nyayo. Mafuta ya nazi, losheni au vaselini hutandaza utando kati ya ngozi na kibati, na umeme unapita kwa taabu. Magaga na sugu hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa ngozi nene iliyokauka haipitishi umeme vizuri. Kinyume chake ni miguu iliyotoka kuoga: maji yanayochuruzika kwenye kioo hufanya njia ya mkato kati ya kibati na kibati. Hapa Mombasa kuna jambo la ziada. Nyumba nyingi zinaoga maji ya kisima yenye chumvi. Maji hayo yakiwa mabichi kwenye kioo yanapitisha umeme kupita kiasi, na yakikauka yanaacha ukoko mweupe unaouzuia. Mizani moja, kasoro mbili zinazovutana.

Mazoezi. Baada ya kukimbia au kucheza mpira ufukweni damu imejaa miguuni na ngozi ina joto. Ukinzani unashuka, mizani inasifu. Subiri saa kadhaa, au bora zaidi hadi kesho yake asubuhi.

Chakula. Mlo wa chumvi nyingi hushikilia maji. Wanga pia: akiba ya wanga katika misuli na ini hukaa na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu 1. Aliyeacha ugali na chapati wiki ya kwanza huona kilo zikianguka, na nyingi kati ya hizo ni maji hayo. Akirudia kula, yanarudi kwa siku mbili tatu.

Hedhi. Siku za kabla ya hedhi mwili wa wanawake wengi hushika maji. Linganisha wiki ya mwezi huu na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Namna ya kujua tatizo liko wapi ni nyepesi. Panda, andika, shuka, ngoja kioo kizime, panda tena. Fanya mara tatu ndani ya dakika tano. Nambari tatu zikikaribiana ndani ya nusu pointi, mizani iko sawa na mabadiliko ya kila siku yanatoka mwilini (zikifanana kabisa, soma kwanza Dalili ya 3). Zikiachana kwa zaidi ya pointi 1, mwili haukubadilika kwa dakika tano: angalia nyayo, vibati na sakafu.

Utaratibu unaotuliza nambari ni huu: asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula na kunywa, miguu ikiwa safi na mikavu, nguo chache, kigae kilekile cha sakafu. Futa nyayo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ngoja nusu dakika, panda. Simama wima, visigino kwenye vibati vya nyuma na vidole kwenye vya mbele, bila kusogea hadi kipimo cha pili kiishe (uzito hutangulia, mafuta hufuata baada ya sekunde chache). Kisha tazama wastani wa siku 7, usitazame siku moja. Wastani ukishuka wiki tatu mfululizo, kuna kitu.

Mwezi wa Ramadhani utaratibu huu unayumba. Alasiri mwili una kiu na mizani inasoma juu. Baada ya futari tumbo limejaa uji, viazi karai na maji ya ukwaju, kwa hiyo uzito umepanda lakini umeme haujajua. Saa inayofaa zaidi ni unapoamka kwa daku, kabla ya kutia kitu mdomoni. Hata hivyo, linganisha Ramadhani na Ramadhani. Usiunganishe mstari na siku za Shaabani ukadhani umeona jambo.

Dalili ya 2: Uzito unatokea, mafuta hayatokei

Kioo kinaonyesha kilo, kisha vistari, sifuri, au hakuna kitu. Hapa mizani imeshindwa kupitisha umeme, au imekatazwa na taarifa zako.

Anza na vya bure. Vua soksi. Usishuke mapema: wengi huona kilo zimetulia wakashuka, na kipimo cha umeme kilikuwa bado kinaendelea. Hakikisha miguu yote miwili inagusa vibati vyote, kwani mwenye mguu mdogo husimama katikati ya kioo asiguse kibati cha mbele. Kama ngozi ni kavu sana, lowesha nyayo kwa kitambaa kibichi na ujaribu tena. Ikikubali sasa, tatizo ni magaga. Yasugue kwa jiwe la miguu kwa siku kadhaa, na upake mafuta usiku, usipake asubuhi ya kupima.

Bado? Fungua programu utazame umri. Mizani nyingi hazitoi mafuta kwa aliye chini ya umri fulani, kwa sababu fomyula zake zilitengenezwa kwa watu wazima. Mwaka wa kuzaliwa ukiwa umeachwa kama programu ilivyoujaza, unaweza kuwa umehesabiwa mtoto. Mizani nyingine hutoa kilo tu kama simu iko mbali au programu imefungwa.

Halafu betri. Neno Lo kwenye kioo ni betri imechoka, lakini hata kabla halijatokea, betri dhaifu inaweza kupima uzito na kushindwa hatua ya pili. Badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Ukifungua kifuniko ukakuta unga mweupe au rangi ya kijani kwenye chemchemi, hiyo ni betri iliyovuja au hewa ya bahari iliyofanya kazi yake. Toa betri, pitisha pamba yenye siki au ndimu kidogo, kausha kwa kitambaa, acha wazi saa moja, ndipo utie betri mpya. Bafuni ni mahali pabaya pa kuiweka mizani katika mji huu. Iweke chumbani, itoe wakati wa kupima.

Vibati navyo visafishwe kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo. Kuna mizani zisizo na vibati vinavyoonekana. Juu ya kioo chake umepakwa utando angavu unaopitisha umeme. Ukiusugua kwa waya wa sufuria au sabuni ya unga umeuua, na hakuna fundi atakayeurudisha.

Kama yote hayo hayakusaidia, kuna uwezekano waya mwembamba unaotoka kwenye kibati hadi kwenye bodi umekatika au umeachia. Hapo ni kazi ya fundi wa redio au simu mwenye mita ndogo ya mkononi ya kupimia nyaya: aweke mita kwenye alama ya mlio, ncha moja juu ya kibati, nyingine pale waya unapofika kwenye bodi. Kibati kisicholia ndicho chenye waya uliokatika. Kazi hii inahitaji kufungua mizani, na kioo kikipata shinikizo upande mmoja kinapasuka. Usijaribu kwa bisibisi ya jikoni. Ikiwa ilinunuliwa karibuni, dai dhamana kwanza kabla ya mtu yeyote kugusa skrubu.

Dalili ya 3: Nambari haibadiliki hata ufanye nini

Hii inapaswa kukutia shaka kuliko ile inayorukaruka.

Sababu ya kawaida ni kumbukumbu. Mizani nyingi, zikiona uzito unaokaribiana na wa mara ya mwisho, hurudia nambari ileile ili zionekane makini. Jaribu hivi: jipime, shuka, ngoja kioo kizime, kisha panda ukiwa umeshika chupa ya maji ya nusu lita. Ikikuonyesha uzito uleule, imekukumbuka, haikukupima. Kuivunjia kumbukumbu, pima kitu tofauti kabisa katikati, kwa mfano ndoo ya maji, halafu panda tena.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi: mizani haipitishi umeme wowote. Vibati ni mapambo, na nambari ya mafuta inatolewa kwenye uzito, urefu na umri tu. Kuna majaribio mawili. La kwanza, panda na soksi nene. Mizani ya kweli itakataa kutoa mafuta, maana soksi ni kizuizi. Ikikupa asilimia palepale bila kusita, inabuni. La pili ni la karatasi na kalamu. Chukua BMI, yaani kilo zako gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Fomyula iliyochapishwa na Deurenberg na wenzake mwaka 1991 inasema: BMI mara 1.2, ongeza umri mara 0.23, toa 5.4, na kwa mwanamume toa tena 10.8. Mwanamume wa miaka 40, kilo 80, urefu mita 1.70 ana BMI ya 27.7, na hesabu inatoka asilimia 26.2. Mwanamke wa vipimo hivyohivyo atapata 37.0. Mizani ikifuata hesabu ya aina hii siku zote, iwe umetoka kukimbia au umetoka kulala, umenunua kikokotoo chenye kioo.

Hakuna marekebisho ya hilo. Itumie kwa uzito.

Dalili ya 4: Imeshuka au imepanda pointi nyingi mara moja, ikabaki huko

Ruko la pointi 4 au 6 lisilorudi karibu kila mara limetoka kwenye simu. Umebadilisha simu, umejisajili upya, au programu imejisasisha.

Tazama urefu kwanza. Sentimita 5 za uongo zinatosha kupotosha nambari kwa kiasi cha kuonekana, kwani urefu huzidishwa kwa wenyewe ndani ya fomyula. Jipime ukutani bila viatu, usiandike ule wa kitambulisho ulioukadiria miaka iliyopita. Kisha jinsia na mwaka wa kuzaliwa. Kisha sehemu iliyoandikwa mwanariadha. Hii ni fomyula nyingine kabisa, ya watu wanaofanya mazoezi makali saa nyingi kila wiki, na huwapa mafuta kidogo zaidi kwa ukinzani uleule. Kutembea ufukweni Mama Ngina jioni za Jumapili hakumfanyi mtu mwanariadha. Ukiiwasha kwa tamaa, nambari itashuka nawe utabaki vilevile.

Nyumbani kwenye watu wengi kuna kosa jingine. Mizani hutambua mtu kwa uzito. Ndugu wawili wanaokaribiana kwa kilo 2 au 3 huandikiwa vipimo vya mwenzao, na mstari wa mmoja unaonekana umeruka. Ufute usajili uliojirudia, na kila mmoja afungue programu yake kwanza ndipo apande. Simu za wengine jirani zizimwe Bluetooth wakati huo. Simu ikikataa kabisa kuiona mizani, angalia kama programu imeruhusiwa kutumia mahali ulipo, ruhusa ambayo matoleo mengi ya Android huitaka ndipo yatafute vifaa vya Bluetooth. Mizani ya waifai nazo mara nyingi hushika masafa ya gigahezi 2.4 peke yake.

Ikiwa programu ilijisasisha na kampuni ikabadilisha fomyula, huwezi kuirudisha ya zamani. Weka alama kwenye tarehe hiyo uanze mstari mpya.

Dalili ya 5: Ya nyumbani inasema 24, ya gym inasema 29

Si kasoro. Mashine ya gym mara nyingi ina vishikio vya mikono, kwa hiyo umeme unapita mikononi na kiwiliwilini pia, na fomyula yake ni nyingine. Ukiongeza kwamba huko ulipima ukiwa umetoka kunywa soda, tofauti ya pointi 5 haishangazi.

Nani ana haki? Pengine hakuna. Kipimo kinachotumika kama rejea ni DEXA, mashine ya hospitali inayotumia miale ya eksirei ya nguvu mbili tofauti, na hata hiyo ina kosa lake dogo. Watafiti wa Ufaransa waliochapisha matokeo yao mwaka 2021 waliweka mizani janja tatu kando ya DEXA. Kwa uzito zilikaribiana nayo sana, kwa mafuta zilikosea kwa kilo kadhaa. Zaidi ya hapo, fomyula hufuata miili ya watu iliyopimwa wakati wa kuitengeneza. Urefu wa miguu kwa kiwiliwili, uzito wa mifupa na umri hutofautiana kati ya jamii na jamii, kwa hiyo kosa la kudumu la pointi chache kwa mtu wa pwani hii ni jambo la kutarajiwa.

Chagua mizani moja ubaki nayo. Na ununue tepu ya fundi cherehani, ambayo bei yake ni ndogo. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida, tepu isikaze. Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari kuongezeka kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na kuwa kubwa zaidi kuanzia 102 na 88. Tepu inapima tumbo, mahali ambapo mizani haifiki.

Dalili ya 6: Kilo zenyewe hazieleweki

Kama uzito ni wa uongo, mafuta hayawezi kuwa ya kweli. Sababu ya kwanza ni sakafu: zulia, mkeka, kigae kilichoinuka, au mguu mmoja wa mizani kuangukia mfereji kati ya vigae. Chini ya kioo kuna vihisi vinne, kimoja kila kona, na vyote vinataka kubeba mzigo. Bonyeza kila kona kwa kidole. Ikicheza, hamisha. Ukishahamisha, ikanyage mara moja ishtuke, shuka, ngoja isome 0.0, ndipo upime.

Kuhakikisha, nunua au azima furushi la unga la pakiti 12 za kilo 2. Jipime peke yako, kisha ukiwa umelikumbatia. Tofauti iwe kilo 24 na kidogo ya karatasi. Usitumie mtungi wa maji wa lita 20, kwani ukijazwa hadi mdomoni hubeba zaidi ya lita 20. Mizani ikikosea kwa kiasi kilekile kila mara unaweza kuishi nayo. Ikikosea tofauti kila kona unaposimama, kihisi kimekufa, na kwa mizani ya bei ya chini kutengeneza hakulipi.

Dalili ya 7: Inasoma mafuta kidogo mno

Mbali na hali ya mwanariadha na mazoezi, kuna mapaja. Mapaja yakigusana na yana jasho, umeme unakatiza hapo juu badala ya kuzunguka nyonga, njia inafupika, ukinzani unashuka. Vaa kaptura, au pitisha leso katikati ya mapaja unapopima. Ni jambo dogo na watu hulicheka, lakini kwa mwili mnene katika joto hili linaweza kusogeza nambari.

Sababu nyingine haipaswi kuchekwa. Miguu iliyovimba imejaa maji, na maji yanapitisha umeme. Mizani huona misuli. Mtu mwenye ugonjwa wa figo, moyo au ini anaweza kupongezwa kwa kuongeza misuli huku anazidi kuumwa. Bonyeza mbele ya muundi kwa kidole gumba kwa sekunde kumi. Shimo likibaki, nambari ya mafuta haina maana tena.

Wakati wa kuacha

Usitumie kipimo cha mafuta kabisa kama umewekewa kifaa cha moyo kifuani. Umeme huu ni mdogo, lakini watengenezaji wenyewe wanakataza. Mjamzito naye asiutumie, na nambari ingekuwa ya uongo kwa vyovyote. Mizani nyingi zina sehemu ya kuzima umeme na kupima kilo pekee. Izimwe.

Kioo kilichomeguka ukingoni au chenye ufa, hata wa urefu wa kucha, kisikanyagwe tena. Gundi haisaidii. Mizani ya kuchaji ikivimba tumbo au ikipata joto, ichomoe uitoe nje ya nyumba, usiifungue. Betri ndogo za duara zikae mbali na watoto: mtoto akiimeza inaweza kuchoma koo lake ndani ya saa 2. Usimtapishe, usingoje dalili, kimbilia hospitali na pakiti ya betri mkononi.

Kuhusu mwili, yanayofuata ni ya daktari, mizani iwe nzima au mbovu:

Uzito kupanda zaidi ya kilo 1 kwa siku au zaidi ya kilo 2 kwa wiki, pamoja na miguu kuvimba au pumzi kukatika unapolala chali. Nenda siku hiyohiyo.

Mjamzito anayevimba uso na mikono, anaumwa kichwa au anaona ukungu. Aende saa hiyohiyo, hata usiku.

Uzito kupungua bila kukusudia kwa zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 hadi 12, hasa ukiandamana na kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, au kiu na kukojoa sana. Nenda na daftari la vipimo. Daktari atataka kilo na tarehe. Safu ya mafuta unaweza kuiacha nyumbani.